Nilimpa Mpishi Odi ya Kuwa Rais

Mwezi wa tatu mwaka ule, kwa mujibu wa kampuni yetu ya kubeti, mtu wa tatu mwenye nafasi kubwa ya kuwa rais wa Ireland alikuwa mwanamke ambaye nchi nzima hakuna aliyemjua.

Hakuwa waziri. Hakuwa profesa. Hakuwa hata mwimbaji.

Alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee. Hakuwa na habari kabisa kwamba anagombea kitu.

Najua kwa sababu ile odi niliiweka mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Naitwa Dervla. Nimekaa na hili jambo miaka minane. Leo nalitoa, maana nikiendelea kulibana litanimaliza.

Kazi yangu ilikuwa kupanga odi, yaani anayebashiri sawa alipwe mara ngapi ya dau lake. Kampuni yetu haikuwa kubwa, ilikuwa ya familia moja, ofisi Limerick, na maduka ishirini na tatu huku magharibi. Wengine walipanga odi za farasi na mipira. Mimi nilipewa vitu vya ajabu ajabu: nani atashinda shindano la kuimba, je, Krismasi theluji itaanguka, nani atakuwa rais.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa miaka miwili mbele. Hakuna aliyekuwa ametangaza nia. Lakini sisi tulikuwa na orodha ya watu arobaini.

Bosi wangu, Lorcan, alikuwa na msemo wake.

"Uchaguzi wa mbali ni kama mimba ya wiki mbili," alisema. "Kila mtu anaruhusiwa kusema ni mapacha."

Kwa hiyo tulijaza majina. Wanasiasa wastaafu, watangazaji, mcheza raga mmoja aliyeacha kucheza. Wengine tuliwaweka ili watu wacheke tu. Magazeti yalipenda, na kampuni ikapata kutajwa bure.

Sasa siku moja asubuhi nikapigiwa simu na Assumpta.

Assumpta alikuwa anakaa kaunta kwenye duka letu la Ennis. Shoga yangu wa muda mrefu, mdomo haufungi.

"Dervla, kuna mteja anataka odi ya mtu hayupo kwenye orodha."

"Nani?"

"Attracta Feely."

"Ndiye nani?"

"Mimi nikuulize wewe, wewe unaniuliza mimi. Anasema ni wa urais."

Nikamtafuta mtandaoni. Hakuna kitu. Sio picha, sio mkutano, sio hata malalamiko ya barabara mbovu. Nikamuuliza Lorcan.

"Ni raia?" akaniuliza, macho kwenye chai yake.

"Sijui. Jina la kwetu."

"Amefika miaka thelathini na tano?"

"Kwa jina hilo, lazima. Watoto wa siku hizi hawaitwi Attracta."

"Basi sheria inamruhusu. Mpe mia tano kwa moja."

Yaani ukiweka yuro moja, akiwa rais, unapata mia tano. Ni odi ya kumwambia mtu kistaarabu kwamba anapoteza hela yake.

Yule mteja akaweka kumi. Mimi nikasahau.

Kesho yake, jina lile lile, duka la Tralee. Keshokutwa, Gort. Halafu Loughrea. Halafu Ennis tena. Kila mara ni dau dogo, pesa taslimu.

Nyie mnaobeti mnajua. Jina likiwekewa pesa, odi inashuka. Haijali ni pesa ya mjinga au ya mjuzi. Mia tano ikawa mia mbili, ikawa themanini, ikawa arobaini.

Assumpta akanipigia tena.

"Yule mtu wa Attracta amekuja. Mrefu, mpole, kucha safi kama za daktari. Sura yake kama naijua. Ila nikwambie kitu?"

"Sema."

"Hachukui mkeka wake. Analipa, nampa karatasi, anaiacha kaunta anaondoka. Mara ya pili hii. Nimemkimbilia mpaka mlangoni, kanitazama tu kanambia, baki nayo dada."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, baki nayo, akishinda tutagawana.

Mtu anayebeti halafu hachukui mkeka hajaja kushinda. Ni jambo la wazi, mtoto angeliona. Mimi ambaye ndiyo kazi yangu sikuliona.

Odi ilipofika ishirini, Lorcan akasugua mikono.

"Andika taarifa kwa vyombo vya habari. Kichwa cha habari: Attracta Feely ni nani?"

Nikaandika. Ilinichukua dakika kumi na tano, na nikajisifia kwamba imekaa vizuri.

Ndani ya siku tatu nchi nzima ilikuwa inauliza. Redio ya asubuhi wanapiga soga, watu wanapiga simu kusema Attracta Feely alikuwa mwalimu wao, mchumba wao, mbuzi wao. Watu wakaanza kumbetia kwa utani. Odi ikafika kumi na mbili. Nafasi ya tatu, nyuma ya mawaziri wawili.

Na waandishi wakaingia kazini kumsaka. Jina kama lile halina wawili, walisema.

Siku ya sita wakampata.

Miaka sitini na tatu. Hajaolewa. Mpishi wa nyumba ya wazee. Gazeti likatoa picha yake amesimama mlangoni, aproni kiunoni, anacheka mpaka macho yamefumba. Yeye aliwaomba kitu kimoja tu: wasitaje kijiji chake. Wakaheshimu. Wakaandika tu "kijiji kimoja huko magharibi".

Lorcan akataka zaidi. Akamtafuta mwandishi wa lile gazeti, wakaongea kirafiki, kijiji kikapatikana. Kinaitwa Drumkeel. Akanituma niende na shada la maua na picha ya ubao wa odi, ili tumpige picha ameishika.

Nikaenda.

Sijui niwaelezeje Attracta Feely. Alinipokea kama vile nimechelewa kurudi nyumbani.

"Ingia, ingia, viatu acha hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyenifanya rais?"

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Wazee wangu kule kazini wananipigia saluti. Kuna mzee wa miaka tisini na moja kanambia nikishinda anataka uwaziri wa pudini."

Akanikatia keki ya tufaha, kipande cha kumshibisha mkulima. Akaniambia alivyomuuguza mama yake miaka kumi na saba, na kwamba kuolewa haikutokea tu, kama vile basi likupite ukiwa unafunga kamba za kiatu.

Halafu akashika ile picha ya ubao. Akaitazama muda.

"Hii kumi na mbili maana yake nini hasa?"

"Mtu akiweka yuro moja, anapata kumi na mbili ukishinda."

"Hapana, hiyo nimeelewa. Nauliza, kabla ya utani huu kuanza. Maana yake kulikuwa na mtu ananiwaza kiasi hicho?"

Nikageukia kipande changu cha keki.

"Mimi hakuna anayenidai wala ninayemdai," alisema taratibu. "Hakuna anayenipenda kiasi hicho wala kunichukia. Sasa huyo mtu anataka nini?"

Nikamwambia ni mzaha wa mtu asiye na kazi. Akatikisa kichwa, akaniongezea chai. Picha hakutaka kupigwa. Nilipoondoka alisimama pale mlangoni akipunga mkono mpaka nilipokata kona.

Ijumaa ya wiki ile, mchana, mtu akaja ofisini Limerick akaniulizia kwa jina.

Mrefu. Miaka arobaini hivi. Koti safi, sauti ya chini. Nikatazama mikono yake, nikaona kucha, nikajua kabla hajasema.

"Mimi ndiye ninayeweka pesa kwa Attracta Feely," alisema. "Naitwa Colman. Nimekuja kukuomba radhi kwa usumbufu."

Nikamkaribisha kiti.

Akakaa, akaweka mikono magotini, akanisimulia.

Kwamba alizaliwa kwenye nyumba ya masista, zile walimofichwa wasichana waliopata mimba bila ndoa. Kwamba alichukuliwa akiwa na wiki sita akapewa watu wengine. Kwamba amezungushwa kwenye ofisi za serikali miaka kumi na miwili, faili halipo, faili limelowa, njoo mwezi ujao. Kwamba alichonacho ni jina tu, ambalo sista mmoja mzee alimnong'oneza kabla ya kufa.

"Sikuwa na uwezo wa kumtafuta nchi nzima," alisema. "Lakini nilijua waandishi wanaweza. Nikajiuliza, mtu asiye na jina afanye nini ili waandishi wamtafute mtu mwingine asiye na jina?"

"Ukatutumia sisi," nikasema.

"Nikawatumia nyinyi. Nisamehe dada yangu."

Jamani, nililia. Sitaficha. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kwenye nyumba kama ile, na alikufa hajui mama yake alikuwa nani. Mkesha wa Krismasi alikuwa anaweka sahani moja ya ziada mezani, na sisi watoto tulikatazwa kuuliza ni ya nani.

Nikamwona huyu mwanaume nikamwona bibi.

"Nahitaji kijiji tu," alisema. "Nikamwone kwa mbali hata mara moja."

Nilikuwa na akili kidogo iliyobaki. Nikamwambia asubiri, nikaingia chumba cha pili, nikampigia Attracta. Nikamweleza yote.



"Dervla, mimi sijawahi kuzaa," alisema. "Sijawahi hata kukaribia."

"Basi nitamwambia."

"Usimwambie. Miaka kumi na miwili anatafuta, halafu aambiwe na mtu wa ofisini kwamba siye? Hapana. Mwache aje. Jumatatu siendi kazini. Nitampikia, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, taratibu. Kisha tutaona kama naweza kumsaidia kutafuta."

Ndivyo alivyokuwa. Ningempa urais kweli.

Nikarudi. Nikaandika jina la kijiji kwenye karatasi, nikamwambia Jumatatu saa tano, nyumba ya mwisho baada ya kanisa, mlango wa njano.

Akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfuko wa ndani. Hiyo hakuiacha kaunta.

Akafika mlangoni, akageuka.

"Anaishi na nani?"

"Peke yake," nikasema.

Akashukuru.

Jumatatu nikaamka nimefurahi. Kweli kabisa, niliamka nikijiona mtu mwema. Saa tano na dakika kadhaa nikampigia Assumpta, maana nilikuwa nimekaa na siri hii wikendi nzima nawashwa.

"Shoga, yule mtu wako wa kucha safi. Unajua ni nani? Ni mtoto aliyepotezana na mama yake. Anadhani Attracta ndiye mama yake. Muda huu wako pamoja."

Nikasubiri apige vigelegele.



"Assumpta?"

"Dervla, yule mtu mama yake hajapotea."

"Unasema?"

"Nimemwona Jumamosi, pale soko la Limerick. Nilikuja kununua jibini. Mama yake anauza viazi, yeye anambebea magunia. Wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Ndiyo nikakumbuka nilikomjulia, ni pale pale sokoni. Nikamuuliza muuza mayai, wale ni nani, akanivuta pembeni. Nilitaka nikusimulie leo."

Nikasimama.

"Akakwambia nini?"

"Kwamba ni akina Lillis. Kaka yake mkubwa alifungwa maisha kwa kuua, miaka kumi na tisa iliyopita. Alifia gerezani Januari hii. Na kwamba kesi nzima ilisimama kwa shahidi mmoja tu. Mwanamke. Alitoa ushahidi akiwa nyuma ya pazia ili wasimwone sura. Baada ya hukumu akahama, akabadili jina, wakashindwa kumpata."

Sikumaliza kumsikiliza. Nilimpigia kelele Lorcan aite polisi wa Drumkeel, mlango wa njano, waende sasa hivi. Lorcan, bahati nzuri, kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza swali. Mimi nikashika simu ya mezani nikapiga kwa Attracta.

Ikaita mara nne.

"Hallo?"

"Mama, ni Dervla. Yule mtu asiingie."

"Ameshaingia, mwanangu. Mtu mstaarabu kweli, kaja na maua. Nimeweka maji ya chai jikoni."

"Mama nisikilize. Usishtuke, usiseme kitu. Toka nje. Pitia mlango wa nyuma, nenda kwa jirani."

"Kuna nini?"

"Toka tu, mama, tafadhali."

"Subiri," akasema. "Ananiita."

Nikasikia simu inawekwa mezani. Hakuikata.

Nikasikia birika linaanza kuimba. Nikasikia kikombe kinagusa kisahani. Kisha sauti ya yule mtu, ile ile ya chini, ya upole, kana kwamba anauliza sukari iko wapi.

"Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa unatuona, kutokea kule nyuma ya pazia?"

Na Attracta, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa:

"Pazia gani, mwanangu?"

Birika likaendelea kulia. Hakuna aliyelitoa motoni.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili, naita mama, mama, kana kwamba ni wangu. Kikaanguka kiti. Halafu simu ikakatika.

Polisi walifika baada ya dakika ishirini na mbili. Walimkuta yule mwanaume ameketi mezani, mikono magotini. Hakukimbia. Alikuwa amezima jiko.

Attracta Feely alikuwa sakafuni. Alikuwa ameshafariki.

Mazishi yalijaa mpaka barabarani. Wale wazee aliokuwa anawapikia waliletwa na basi dogo, wengine kwenye viti vya magurudumu, na yule wa uwaziri wa pudini alikataa kushuka, akabaki dirishani analia bila sauti. Mimi nilisimama nje ya ukuta wa kanisa. Sikuwa na uso wa kuingia.

Lorcan alilifuta jina kwenye orodha. Akaniambia, "Hatukuvunja sheria yoyote, Dervla." Na ni kweli. Mawakili walithibitisha. Mimi nikaacha kazi wiki ile ile.

Mahakamani yule mtu alisema maneno machache. Kwamba alilipa deni la kaka yake. Alipoulizwa jina la Attracta alilipata wapi, alitazama dari.

Mimi na nchi nzima tukaamini hivyo. Kwamba mpishi wa Drumkeel ndiye yule shahidi wa nyuma ya pazia. Polisi hawakukanusha, siri ya shahidi ni siri, na magazeti yakamwita shujaa. Nami nikajifariji kidogo: nilijiambia Attracta alinidanganya kwa woga, alijua kila kitu, alijua kuna mtu anamtafuta.

Nilijifariji kwa miezi mitatu.

Kisha mchana mmoja mlango wangu ukabishwa. Mwanamke mwembamba, wa umri kama wa Attracta, nywele fupi, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Wewe ndiye Dervla wa odi?"

"Nilikuwa."

"Naitwa Attracta Feely," alisema.

Nikashika ukingo wa mlango.

Akaingia, akakaa kwenye ncha ya kiti bila kuvua koti. Alisema maneno yake kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani.

"Yule mama hakuwa shahidi. Shahidi ni mimi. Nilipohama nilihitaji jina. Nilikuwa kwenye chumba cha kusubiri daktari, kuna gazeti la mkoa limetupwa pale. Maonyesho ya kilimo. Keki ya tufaha, mshindi wa tatu, Attracta Feely. Nikasema hili jina limetulia. Nikalichukua. Niliona ni kama koti la mtumba, unalivaa wewe na aliyelivaa mwanzo hana habari."

"Na waandishi? Mbona hawakukupata wewe?"

"Majirani wananijua kwa Etta. Nyumba ni ya kupanga, umeme kwa jina la mwenye nyumba. Sina simu. Jina kamili nilimwambia mtu mmoja tu, naye amekufa. Labda kabla ya kufa aliongea."

Akafungua mkoba, akaufunga tena.

"Lakini si hilo lililonileta. Lile gazeti lenye picha yake, nililiona siku ile ile lilipotoka. Nilikuwa dukani. Siku sita nilikuwa nalala na viatu, nasikia jina langu redioni, najua wananitafuta. Halafu nikaona ile picha. Nikaona wamempata mwingine."

Aliinua uso.

"Nilishusha pumzi, Dervla. Nilifurahi. Nilinunua mkate nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa kwanza wiki nzima. Nilikuwa na siku kumi za kunyanyua simu na kuwaambia polisi. Kibanda cha simu kiko mbele ya posta, hatua hamsini. Kila siku nilipita mbele yake."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, ile Ijumaa, maneno mawili: "Peke yake."

Tukakaa pale wawili, hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Mwishoni akaniuliza kaburi liko upande gani wa kanisa. Nikamwelekeza. Akaenda. Sikumwona tena, na polisi sikuwaambia. Kama nilikosea, niongezeeni kwenye yale mengine.

Nimeandika haya kwa sababu naona uchaguzi mwingine unakaribia, na orodha zimeanza tena kuzunguka kwenye simu zenu. Fulani odi imeshuka, fulani anapanda, huyu ni nani, hebu mtafuteni. Mnacheka. Hata mimi nilicheka, na nililipwa mshahara kwa kucheka.

Mimi siwazuii kubeti. Nasema hivi tu. Jina likianza kutajwa sana na hujui limetokea wapi, usikimbilie kuuliza huyo ni nani. Uliza kwanza ni nani anayemtafuta.

Na kama wewe unajua, na uko hatua hamsini kutoka kwenye simu, piga.